Mwindaji, Msasi na Jangili: Jina la Kazi Katika Ngano na Katika Sheria

Mfasiri wa hadithi za kubuni, hasa zile za nchi za majoka, mazimwi na wafalme wasiopata kuwako duniani, hukutana mapema na mhusika ambaye kazi yake ni kuwinda. Mhusika huyu si mtu aliyetoka siku moja kutafuta kitoweo. Amefunzwa, ana silaha zake, ana miiko yake, na anajulikana kwa kazi hiyo kama mganga, askari na mwizi wanavyojulikana kwa kazi zao katika hadithi hizohizo. Katika mchezo wa kuigiza wahusika ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, na baadaye katika michezo ya kompyuta kama World of Warcraft ya mwaka 2004, mchezaji hutakiwa kwanza kuchagua kazi ya mhusika wake, na kazi hiyo ndiyo huamua atabeba nini, atajifunza nini na atapigana vipi. Kiingereza humwita mwenye kuwinda kwa neno moja linalotosha karibu mahali pote. Mfasiri wa Kiswahili anayo manne au matano, na kila moja lina asili yake na deni lake. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo na kupendekeza lipi litumike wapi. Tunayoyasema ni maoni ya waandishi, wala si uamuzi wa Baraza.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uzito gani kwa mwalimu au kwa mtumishi wa serikali. Tumfikirie kijana wa Mabibo, jijini Dar es Salaam, kata iliyokuwa upande wa Kinondoni na ambayo sasa imo katika Manispaa ya Ubungo. Jina lenyewe la mahali hapo ni wingi wa bibo, yaani tunda la mkorosho, lile laini lenye maji linaloning'inia na korosho yake. Lakini mtu ashukaye leo Mabibo kwenda sokoni, au katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, au katika hosteli za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hajiwi na mawazo ya mikorosho. Jina limebaki, kilicholipa jina kimesahauliwa. Maneno ya uwindaji yako katika hali hiyohiyo kwa kijana huyu. Podo hajalishika na rima hajaliona. Mwindaji wa kwanza atakayemjua vizuri atakutana naye katika kitabu, katika filamu, au katika mchezo wa simu, na neno atakalolipata huko ndilo atakalokwenda nalo siku atakapopangiwa kazi ya ualimu Liwale, au ya ukarani wa mahakama Mugumu. Huko atakuta watu ambao kuwinda kwao hakukuwa mchezo, na atatakiwa kuandika wao ni nani.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Kitenzi winda hutupa mwindaji. Kitenzi saka hutupa majina mawili, msakaji na msasi. Wafasiri wengi huyachukulia yote matatu kuwa sawa, nasi twaona si sawa hata kidogo. Kiswahili kina njia mbili mashuhuri za kuunda jina la mtenda kutokana na kitenzi: moja huishia na -ji, nyingine na -i. Mpikaji ni yeyote apikaye, hata kama anapika leo tu kwa sababu mwenyeji wake ni mgonjwa. Mpishi ni mtu ambaye upishi ndiyo kazi yake. Mwandikaji huenda akawa anayenakili barua ya mwingine. Mwandishi hatuna haja ya kumweleza. Msomaji ana gazeti mkononi, na msomi amekwisha kusoma. Mpaka huu haukunyooka kama rula. Mchoraji na mwigizaji ni mafundi kamili ingawa majina yao yana -ji. Hata hivyo, pale ambapo majina yote mawili yako hai, lile la -i aghalabu ndilo linalobeba kazi, cheo, au tabia iliyomkaa mtu.

Basi msasi kwa msakaji ni kama mpishi kwa mpikaji. Sauti k ya saka imegeuka s mbele ya i. Katika lahaja ya Unguja tungetazamia sh, kama pika ilivyotoa mpishi. Lakini kaskazini, katika Kiamu, mpishi huitwa mpisi, na umbo la msasi linaelekea upande huo. Kwa upande wa winda, kanuni ingetupa mwinzi, kama linda ilivyotupa mlinzi na penda ikatupa mpenzi. Kiswahili sanifu hakikulichukua umbo hilo. Kwa hiyo mwindaji amebaki peke yake, akifanya kazi ya watu wawili: yule aliyewinda jana kwa bahati, na yule aliyezaliwa katika nyumba ya wawindaji akafunzwa tangu utotoni. Nafasi iliyo wazi ni ya huyu wa pili, na jina la kuijaza tunalo tayari katika kamusi.

Pendekezo letu ni kwamba mhusika ambaye uwindaji ni kazi na ustadi wake, katika ngano, riwaya na michezo ya kubuni, aitwe msasi. Wengi wake wasasi. Kazi yake usasi. Kwa kuwa jina liko katika ngeli ya m-/wa-, halibagui mume na mke, na mfasiri hana sababu ya kuongeza neno la kike pale ambapo lugha ya asili ilibadili umbo kwa ajili hiyo tu.

Msakaji tungempa kazi nyingine. Maana ya saka imehama pamoja na watu wake kutoka porini kuja mjini. Mabibo na Manzese mtu husaka kazi, husaka chumba cha kupanga, husaka tonge. Kurasa za michezo hazipitishi wiki bila timu kusaka pointi tatu, na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba timu ya Msimbazi, iliyojichukulia jina la Simba mwaka 1971, ndiyo inayoambiwa kila Jumamosi kwamba inasaka. Polisi nao hufanya msako, na msako siku zote huwa wa watu au wa mali iliyofichwa. Kwa hiyo yule mhusika anayelipwa kuwafuata watoro na wahalifu na kuwaleta wakiwa hai au maiti, msakaji linamfaa kuliko mwindaji, kwa sababu msomaji ataona mara moja kwamba windo lake lina miguu miwili.

Hapa hatuna budi kugusa neno lingine linalowasumbua wafasiri, nalo ni lile la kutajia kundi la wahusika wenye kazi moja. Wengine wameandika tabaka. Hatuliafiki. Tabaka katika Kiswahili cha Tanzania lilipata maana yake nzito katika mjadala wa ujamaa: kuna tabaka la wafanyakazi, la wakulima, la mabwanyenye, na uhusiano wao ni wa nani ana mali na nani hana. Kusema kwamba mhusika ni wa tabaka la wasasi kunamfanya msomaji atazamie mgomo. Fani nalo lingefaa, kwani husemwa fani ya uhandisi na fani ya uuguzi, ila mwalimu wa fasihi amekwisha kuwafundisha wanafunzi wake fani na maudhui, na hapo fani ni umbo la kazi ya sanaa. Ngeli ni ya wanasarufi. Kwa maoni yetu neno bora ndilo lililo dogo kuliko yote: kazi. Ngano zetu za kale humjulisha mtu kwa kazi yake kabla hata ya jina lake, zikitwambia alikuwapo mvuvi, alikuwapo mkata kuni, alikuwapo mwindaji. Mchezo ukimuuliza mchezaji "Kazi ya mhusika wako?" yeye akajibu "Msasi", hakuna atakayehitaji maelezo. Hatua za kupanda katika kazi hiyo ziitwe daraja.

Wapo wanaodhani kwamba msasi wa kubuni ni mgeni aliyeletwa na vitabu vya Ulaya. Hadithi ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, inawajibu. Paka wa sultani anaanza kwa kula kuku, na sultani anamtetea kwa kuwa paka ni wake na kuku ni wake. Paka anaendelea kwa mbuzi na ng'ombe, kisha watu, hata anakuwa Nunda, na watoto wa sultani wenyewe wanaliwa. Mtoto wa mwisho anaondoka kumtafuta. Kijana huyu si msasi anapoondoka. Anaua mbwa akidhani ndiye Nunda, anamburura hadi nyumbani, na mama yake anamwambia siye. Anatoka tena, anaua mnyama mkubwa zaidi, anarudi, na jibu ni lilelile; hivyo hivyo hadi tembo. Anapokutana na Nunda mwenyewe amekwisha kufunzwa na kila mnyama aliyemwangusha. Mchezaji wa michezo ya siku hizi, ambaye mhusika wake hupanda daraja kwa kila mnyama amwuaye hadi afikie joka kuu, anacheza jambo ambalo masimulizi ya Unguja yalikuwa nalo zaidi ya miaka 150 iliyopita. Mwalimu anayetaka kufundisha muundo wa hadithi hizi mpya anaweza kuanzia hapo.

Utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 una wasasi pia, ila sura yao ni nyingine. Sultani wa Pate, akitaka kumwondoa Liyongo, anawatumia watu wa msituni, Wasanye na Wadahalo, waliojulikana kwa kuishi kwa upinde. Wanamwalika Liyongo katika kikoa cha kula makoma, kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, wakikusudia kumpiga mishale atakapokuwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale, naye amesimama chini. Hapa shujaa ni mpiga upinde aliyewashinda wapiga upinde kwa kazi yao wenyewe, lakini wao ndio watajwao kama watu wa kuwinda, tena kwa majina ya makabila yao na kama watu wa kukodiwa.

Jambo hilo linataka tahadhari. Kuna desturi ya zamani ya kutumia jina la kabila mahali pa jina la kazi. Mfano ulio wazi ni Wandorobo, neno lililotokana na Kimaasai, ambako lilimaanisha watu wasio na ng'ombe, yaani maskini; waandishi wa zamani walilieneza kwa kila jamii iliyoishi kwa kuwinda, ilhali ndorobo kwa Kiswahili ni mbung'o pia. Mfasiri asiandike "Mndorobo" kwa maana ya msasi, hata kama hadithi ni ya nchi isiyokuwapo. Hali kadhalika asiwafanye Wahadzabe kuwa picha ya zama za mawe. Wahadzabe wako leo kandokando ya Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, na mwaka 2011 walipata hati za kimila za ardhi yao. Mishale yao yenye sumu ya utomvu wa mti ni ufundi unaofanya kazi hadi sasa.

Kama tungetaka kuonyesha kwamba usasi ulikuwa kazi kamili yenye daraja na siri zake, tusingehitaji kwenda mbali kuliko Usukumani. Huko wawindaji wa tembo walikuwa na chama chao, Bayege. Wawindaji wa nungunungu walikuwa Banunguli. Na wachezea nyoka walikuwa Bayeye. Mtu hakujitangaza tu kuwa mmoja wao. Aliingizwa, akafundishwa dawa, akafundishwa nyimbo na ngoma za chama. Kumbukumbu za vyama hivi zinaonekana katika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, karibu na Mwanza. Mtungaji wa mchezo wa kubuni aliyeketi Marekani akaandika kwamba msasi hujifunza siri zake kwa bwana wake hatua kwa hatua hakuwa amefika Bujora, na ni hasara yake.

Msasi wa kigeni naye alifika kwa Kiswahili mapema. Mwaka 1929 kilichapishwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya H. Rider Haggard iliyotoka mwaka 1885. Msimulizi wake, Allan Quatermain, ni mwindaji wa tembo kwa kazi. Johnson huyo ndiye baadaye akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na kamusi iliyobeba jina lake ikatoka mwaka 1939. Inaaminiwa na wengi kwamba mmoja wa watu waliompa Haggard sura ya Quatermain ni Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, ambaye aliuawa vitani Beho Beho, katika bonde la Rufiji, Januari 1917, na kaburi lake liko hukohuko. Pori la akiba la Selous lilipewa jina lake mwaka 1922, na sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili wa mwaka 1929 aliletewa kutoka London mwindaji wa kubuni ambaye kielelezo chake kilikuwa kimezikwa safari ya siku chache kutoka Dar es Salaam.

Tulilotaja Selous tumekwisha kuingia katika sheria, na hapa ndipo neno jangili linapotungoja.

Jangili linaelekea kuwa na asili ya Kihindi, katika neno lenye maana ya mtu wa porini, asiye na ustaarabu. Katika Kiswahili limewahi kumaanisha mtu mwovu kwa jumla, kisha likajifunga kwa yule anayewinda bila idhini. Idhini hiyo ina tarehe. Mwaka 1896, katika utawala wa Wajerumani, gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuwinda kwa kibali na kutenga maeneo ya kwanza ya hifadhi. Kabla ya hapo mwindaji wa tembo alikuwa na deni kwa mtawala wa nchi alimowinda, na deni hilo lililipwa kwa pembe. Baada ya hapo alidaiwa karatasi. Nchini Kenya, Hifadhi ya Tsavo ilipoundwa mwaka 1948, Wata, ambao Waswahili wa pwani waliwaita Waliangulu, walikuta pori walilowinda kwa pinde zao ndefu limekuwa mahali pa kukatazwa. Mtu alilala msasi akaamka jangili. Upinde ulikuwa uleule, na tembo walikuwa walewale.

Hatusemi haya kuwatetea wauaji wa tembo. Tanzania ilifunga uwindaji wa kitalii mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978; ikatunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori mwaka 1974, na nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya Na. 5 ya mwaka 2009. Mwaka 1989 ilifanyika Operesheni Uhai, na sababu ilikuwako. Sensa zilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walikuwa wapatao 109,000 mwaka 2009, nao mwaka 2014 walikuwa wapatao 43,000. Kazi hiyo haikufanywa na wazee wenye magobori; ilikuwa ya mitandao ya biashara yenye fedha, magari na njia za bandarini. Hata hivyo, Oktoba 2013 ilipoanza Operesheni Tokomeza, neno moja lilitumika kwa wote. Malalamiko ya mateso na vifo vya raia yalifika bungeni, operesheni ikasimamishwa, na Desemba mwaka huohuo mawaziri 4 wakaondolewa katika nafasi zao. Neno halikuua mtu. Lakini afisa aliyetumwa kutokomeza majangili, na ambaye hana neno lingine la kumwita mtu aliyenasa paa kwa tanzi, amekwenda kazini na lugha pungufu.

Kwa hiyo tungewashauri watumishi wa serikali hivi. Mtu aliyekamatwa na nyama au tanzi aandikwe "anayetuhumiwa kuwinda bila leseni", kwa sababu hilo ndilo linalodaiwa. Ujangili ubaki jina la kosa kwa jumla, na jangili awe yule aliyekwisha kuthibitishwa. Mwenye duka la pembe na wakala wake wasiitwe wawindaji kabisa, maana hawakuwinda. Ni wafanya biashara haramu. Tofauti hizi zinazidi kuhitajika tangu kanuni za mwaka 2020 zilipofungua njia ya mabucha ya nyamapori: nyama ambayo jana ilikuwa kielelezo mahakamani, leo ikiwa na stakabadhi ni kitoweo. Neno mwindaji, pamoja na mwindaji bingwa anayewaongoza watalii katika vitalu vya uwindaji, limekaa vizuri katika sheria na tusilihamishe.

Mfasiri wa ngano naye ana lake la kujifunza hapo. Kama nchi ya kubuni haina sheria ya uwindaji, haina majangili pia, na neno hilo lisiingizwe humo kwa ajili ya kumtia mhusika ubaya. Kama sheria ipo, litumike kwa haki yake. Katika katuni za Kijapani za Hunter × Hunter, zilizoanza mwaka 1998, wawindaji hufanya mtihani mgumu na kupewa leseni, na bila leseni hawana hadhi hiyo. Hapo twaona mwindaji linafaa kuliko msasi, kwa kuwa ulimwengu huo umejengwa juu ya karatasi, kama wetu.

Yabaki mambo madogo ya msamiati, nayo tutayapitia haraka, isipokuwa moja. Mfuko wa mishale ni podo au ziaka. Kamba ya upinde ni upote. Kichwa cha mshale ni kigumba au chembe. Mitego ina majina yake, na ni aibu kuiita yote mitego: shimo lililofunikwa ni rima, kitanzi cha kamba ni tanzi, gundi ya kunasia ndege ni ulimbo. Mnyama anayefuatana na msasi na kupigana pamoja naye tungemwita mnyama mwandani, kwani mwandani ni rafiki wa ndani, si mtumishi. Kunyemelea ni kumwendea windo bila kusikika. Kuvizia ni kungoja nafasi. Kuotea ni kujificha na kulingojea njiani. Hili la mwisho kijana wa Mabibo analo tayari, ila amelipata kiwanjani, ambako mshambuliaji aliyeotea hunyimwa bao. Mwalimu akianzia kwenye mpira, maana ya zamani itaingia yenyewe: mchezaji aliyetangulia mbele akangoja ndiye mwoteaji.

Jambo la kukawilia ni kiambishi ki-. Kiswahili huunda kwa urahisi namna ya mtu kutokana na jina lake: mfalme, kifalme, askari, kiaskari. Mfasiri aliyezoea kanuni hiyo ataandika "vazi la kisasi" akikusudia vazi la msasi, na msomaji ataona mtu amevaa kwenda kulipiza damu. Katika hadithi hizi wasasi wengi kweli wana mtu wa kulipizwa, kwa hiyo kosa halitagunduliwa, na maana itapotoka kimyakimya kutoka ukurasa hadi ukurasa. Iandikwe "vazi la msasi", "upinde wa msasi", "miiko ya usasi". Seremala nao watacheka mwanzoni, maana msasi linakaa karibu na msasa. Hilo ni dogo, na halimzuii mtu kuelewa.

Pingamizi kubwa tunalolitazamia ni kwamba msasi halijulikani, na mwindaji linajulikana na kila mtoto. Ni kweli. Lakini mhusika wa ngano hutajwa mara mia katika kitabu kimoja, na picha yake iko jaladani akiwa na upinde. Hakuna neno linalofundishwa kwa urahisi kuliko hilo. Podo ndilo lenye shida, maana hutajwa mara mbili tu.

Lipo neno moja ambalo hatukufaulu kulipata. Katika michezo hiyo msasi ana ndugu yake, mtu wa msituni mwenye upinde, ajuaye nyayo na mimea, ambaye kazi yake ni kulinda mwitu na wapitao humo. Katika ngano za Kiingereza wawili hao ni karibu mtu mmoja. Kwetu ni mahasimu: mmoja anawinda, na mwingine ni askari wa wanyamapori anayemkamata. Mhifadhi limechukuliwa na vyeo vya Jeshi Usu. Mgambo linasikika vizuri, ila mjini mgambo ni yule anayemfukuza mchuuzi kando ya barabara, na hakuna mtoto wa Mabibo atakayetaka kumchagua awe mhusika wake. Mlinzi wa mwitu ni maelezo, si jina. Tunawaomba wasomaji wetu walio Liwale, Mangola, Bujora, Lamu na popote ambapo kazi hii iliwahi kuwa na mwenyewe, watuandikie jina alilokuwa akiitwa huko, pamoja na sentensi moja au mbili zinazoonyesha jinsi lilivyotumiwa.